Kuogelea kwa Siti

Mwaka ule wa njaa, baada ya vita vya Maji Maji, pale Nanganga palikuwa na mtu mmoja tu aliyesema anataka kupungua. Huyo alikuwa Siti, mke mdogo wa Hamidu.

"Naogelea," aliwajibu wanawake waliomuuliza kwa nini mashavu yamebonyea. "Nilikuwa nimenenepa mno. Kuogelea kunakata mwili."

Wanawake wakaguna. Watu wanachimba ming'oko, ile mizizi ya porini, mpaka kucha zinang'oka, mwenzao anapunguza unene! Lakini Sikuzani, mke mkubwa, hakuguna. Aliumia. Kila asubuhi Siti alijifunga kaniki, akashuka Mto Lukuledi, na akirudi amelowa, Hamidu alimtazama kwa macho ambayo Sikuzani hakuyaona tangu harusi yake mwenyewe.

"Umefika salama?" Hamidu alimuuliza.

"Nimefika."

Salama! Kwani mto uko Ulaya? Sikuzani alisonya, akaingia ndani.

Wivu ule ulikuwa na mzizi wake. Nurdini, mtoto wake wa pekee, aliondoka na watu wa vita, hakurudi. Hamidu ndiye aliyeleta habari ya kifo. Sikuzani alilia siku saba, akalia kilio kikubwa, hata askari wa Mjerumani waliokuja kumtafuta kijana walisimama mlangoni, wakatazamana, wakaondoka. Tangu hapo hakuwa na mtu duniani isipokuwa Hamidu. Akinyang'anywa huyo naye, atabaki na nani?

Basi akaamua kuogelea na yeye.

"Twende wote," alimwambia Siti.

"Hapana, dada. Ninapoogelea mimi pana kina. Na mamba wapo."

"Mamba wanakula wanene tu?"

Siti aliinama, akakaza fundo la kaniki yake. Sikuzani akatafuta mahali pake, juu kidogo, maji yanapofika kifuani, akayapiga kwa mikono na miguu mpaka samaki wakahama. Siku ishirini! Akitoka majini njaa inamkwangua tumbo, anaingia nyumbani na kumaliza rundo lake la ming'oko lote. Chakula cha nyumba ile kiligawanywa sawasawa, rundo la Sikuzani na rundo la Siti, hapakuwa na upendeleo. Siku ya ishirini akashika shanga zake za kiuno. Zilikuwa zimembana vilevile. Za Siti, alipomwona akibadili kaniki, zilikuwa zimeteremka mpaka mapajani.

Mto mmoja, chakula kimoja! Kumbe si maji, aliwaza Sikuzani. Kuogelea hakukondeshi mtu. Kuna kingine kinachomla huyu, na kingine hicho ni mapenzi.

Kesho yake akamfuata, akajibanza kwenye matete. Siti aliingia mtoni na kifurushi kimefungwa kichwani, akakata maji taratibu mpaka ng'ambo. Pale mkono wa mwanamume ukatokeza kwenye majani, ukamvuta juu.

Lo! Kidogo Sikuzani apige vigelegele.

Alikimbia mpaka shambani kwa Hamidu. "Mke wako ana bwana! Nimeona kwa macho yangu haya mawili. Yuko ng'ambo, amejificha!"

Jembe likamponyoka Hamidu. "Umemwona uso?"

"Mkono tu. Unatosha."

"Mama Nurdini, nakuomba, usimwambie mtu. Mdomo wako naujua mimi. Ukifurahi utaimba, ukikasirika utaimba."

Nakuomba! Mwanamume anaibiwa mke, naye anabembeleza! Angepiga, angetukana, angetoa talaka, lolote kati ya hayo lingemtuliza Sikuzani. Sasa alijua kwamba Siti hafukuziki, hata afanye nini. Moyo ulimchemka, machozi yakamtoka ya hasira.

Hakurudi nyumbani. Alishika njia moja kwa moja mpaka kwa akida, mtawala aliyewekwa na Mjerumani, akaeleza yote, mahali na saa. Kila mtu alijua kwamba mwanamume anayejificha tangu vita ile anatafutwa, na kila mtu alijua akipatikana atafanywa nini. Ya huyo bwana yalimhusu nini? Yeye alitaka Siti aumbuke mbele ya kijiji kizima, arudishwe kwao, basi.

Askari walivuka kwa mtumbwi kabla ya adhuhuri. Hamidu, ambaye hakujua kuogelea, walimkuta ukingoni, miguu majini, akimpigia Siti kelele za neno lisilosikika. Siti alikuwa amekwisha kujitupa mtoni tena, kuelekea ng'ambo. Walimkamata katikati ya maji, wakampakia.

Kijiji kizima kilikusanyika. Sikuzani alisimama mbele kabisa, amejifunga kaniki yake nzuri, asije akakosa kuona. Siti alikuwa analia. Hamidu alikuwa amekaa chini kwenye matope, mikono kichwani, na Sikuzani alimtazama akasema moyoni, lia, lia, na mimi nililia.

Mtumbwi ukarudi mara ya pili. Mwanamume walimshusha amefungwa kamba, ndevu zimemfunika uso, mkononi bado ameshika kipande cha mng'oko alichokiuma nusu. Alipita mbele ya watu wote bila kumtazama mtu. Alipofika kwa Sikuzani alisimama, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, mama," akasema Nurdini.