Dakika Sita za Mkanda

Kila nyumba ilikuwa na mkanda wake, na kila mtoto alifungwa kiunoni asubuhi kabla ya chai. Kwa dakika sita mkanda ulizuia damu isifike kwenye mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo, ili mishipa hiyo izoee kuikosa na isife siku ya ajali au ya upasuaji. Ndivyo sheria ilivyosema.

Atupele hakuwahi kuruka hata siku moja. Mumewe alitoka chumba cha upasuaji akiwa hai, lakini hakusimama tena mpaka alipozikwa. Kwa hiyo alimfunga Sekela, bintiye wa miaka saba, na mkanda ulipolegea alimuuliza swali lile lile.

“Miguu imerudi?”

“Imerudi, mama.”

Asubuhi hiyo watoto wa jirani walishaondoka kwenda shule, na Sekela bado alikuwa amelala chali akitazama dari. Atupele aliingiza mkono chini ya blanketi, akamfinya kidole cha mguu kwa kucha, akazidi kufinya mpaka akahisi unyevu wa damu.

“Imerudi kweli?”

“Si nimekwambia imerudi?” Sekela alitabasamu. “Haya, nishike mguu basi, univalishe soksi.”