Lango Lililomfuata Fuko

Paliishi Fuko mmoja, mama mtiifu asiyejua kubishana. Asubuhi moja mwanawe alishikwa na homa, naye akatoka kumchotea maji kisimani, ng'ambo ya lango lililolindwa na Mbweha.

"Shikamoo, afande. Mwanangu anaungua."

"Subiri hapo, mama. Usijitingishe."

Akasubiri mpaka jua likawa la utosini, ndipo akaruhusiwa kupita. Aliporudi na kibuyu cha maji, alikuta lango limehamishiwa mlangoni kwake, na mbweha wageni wanajenga shambani mwake.

"Afande, hapa ni kwangu!"

"Palikuwa kwako. Subiri hapo."

Fuko akakaa, kama kawaida yake. Halafu akamsikia mwanawe akilia chini ya ardhi. Akaiuma kamba ya kibuyu, akaanza kuchimba.