Mbwa Niliyepewa

Siku hizi hupewi mbwa atakayeishi muda mrefu kuliko wewe. Ndiyo sheria, eti mbwa asiachwe yatima. Nina miaka ishirini na mbili, na nilishachagua aina: wale wa masikio wima wanaopenda kukimbia.

Dada wa kituo cha mbwa alinitoboa kidole, mashine ikapima damu kukadiria miaka niliyobakiza, naye akanipitisha kwenye vizimba vya watoto wa mbwa bila kusimama. Kule mwisho akanifungulia jibwa zee, lenye mvi mdomoni.

"Mtaelewana," alisema, akitazama pembeni.

Nyumbani mama alitoka mbio na mpira aliomnunulia mbwa. Alipoziona zile mvi, akauficha mpira mgongoni.

"Nakiete, kwani wadogo walikuwa wameisha?"

"Walikuwa tele, mama."