Yai Lenye Alama ya Mkaa

"Kuku wako wakila mchicha wangu, yai wanalotaga kwangu ni kodi yangu!" Bi Mashavu alifoka, mikono kiunoni.

"Kodi gani, Bi Mashavu?" Tunu alijibu. "Hoteli inataka trei zima la mayai ya kienyeji leo, la sivyo inahamia mayai ya kisasa, na mie sina hata nusu!"

Barabarani, bodaboda wa hoteli alipiga honi. Tunu akavuta kapu lililofichwa nyuma ya mlango wa Bi Mashavu. Ndani ya majani makavu mlikuwa na yai moja tu, limechorwa mkaa: yai la kuachwa kiotani, ili kuku arudi kutaga hapohapo.

"Kumbe unawatega kuku wangu!"

Honi ikalia tena. Bi Mashavu akashusha mikono kiunoni.

"Ingia ule kwanza, mwanangu. Mboga yenyewe... mayai."