Kijiko cha Kanisa

Tangu amzike mumewe, Okbun hakukanyaga tena kanisani, na sisi hatukuacha kumsema. Siku ya kusindika kabichi kwa pilipili, akiba ya majira ya baridi, tulijaa jikoni kwake, wanawake wa mtaa mzima, mikono myekundu kwa pilipili, midomo haipumziki.

Alipofungua mtungi wa mchele ili apike cha mchana, sote tukageuka kutazama.

Kwetu waumini, kabla mchele haujaoshwa, kijiko kimoja hutiwa kwenye mfuko wa kanisa, kwa ajili ya wasio nacho. Mfuko wa Okbun ulining'inia msumarini, mtupu, umeshika vumbi.

"Mnatazama nini? Hamjaona mjane akipika?"

"Tunatazama mtungi, dada," nikamjibu. "Njaa inatuuma."

Akachota, akamimina sufuriani. Akachota tena. Safari hii kijiko kilisimama hewani, punje zikidondoka sakafuni.

"Bado nimemkasirikia Mungu," akasema.

"Mkasirikie tu. Hasira haizuii kijiko."

Akaushusha mfuko, akaukung'uta kwenye goti.

"Basi leo mtakula pungufu," akaniambia, "na usiniletee mdomo. Njoo unishikie huu mfuko."