Msemaji wa Bi Mize

"Shikamoo, mama," Kombo alisema, akiweka bakuli la uji.

"Marahaba, mwanangu," akajibu msemaji, kile kidude cha mviringo kilichobandikwa kifuani pa Bi Mize. Kila aliyetimiza miaka sabini alivalishwa chake, kimsemee kwa sauti yake ya ujanani, asije akachoka bure. Na kisheria, alichotamka msemaji ndicho alichotaka mzee. Mlezi akibisha, watu wa serikali huja kumchukua mzee wake.

Kombo alimlisha vijiko viwili tu.

"Nimeshiba," msemaji akasema.

Lakini vidole vya Bi Mize vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa bakuli. Kombo akakumbuka mawaidha ya walezi wa zamani: muulize, halafu nyamaza umsubiri. Akapiga magoti mbele yake.

"Mama, wewe mwenyewe, unataka nini?"

Akasubiri. Midomo ya mama ikatetemeka, mishipa ya shingo ikamsimama, na kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani sauti yake halisi ikatoka.

"Kula."

"...la," msemaji akamalizia kwa upole. "Nataka kulala, mwanangu. Ahsante."

Kombo akaanza kumbandua vidole pale ukingoni, kimoja kimoja. Bakuli lilikuwa bado la moto.