Dua ya Chura

Njiwa aliamini kuwa dua aliyorithi kwa bibi yake ndiyo pekee inayofika mbinguni. Kila alfajiri alimkemea jirani yake Chura: "Nyamaza! Mungu gani atasikiliza kukoroma huko?"

"Ndivyo alivyoomba babu yangu, dada," Chura alijibu, akaendelea.

Kiangazi kikaja, dimbwi likakauka, Chura akahama. Njiwa aliomba maji kwa ajili ya wanawe mpaka sauti ikamkauka. Aliponyamaza, ndipo akasikia kukoroma kulekule nyuma ya majabali. Akaifuata sauti hiyo, akamkuta Chura kwenye chemchemi, anashukuru.

Njiwa aliwanywesha wanawe, kisha akarudi, kichwa chini. "Ahsante, ndugu yangu. Nilimwomba Mungu anijibu, kumbe jibu ni dua yako."

Tangu siku hiyo, Chura akiomba, Njiwa huitikia: "Amina."